Yeye Ekseli, Mimi Matairi

Mdogo wangu Leidulf hajawahi kufunga mnyororo kwenye tairi la lori huku theluji ikimwingia shingoni, lakini ukimsikiliza akizungumzia malori utadhani alizaliwa uvunguni mwa mojawapo. Anajua bei ya dizeli hapa Norwei, kwa Wafini na kwa Waswidi. Anajua kila aina ya kichwa cha lori hunywa lita ngapi kutoka kwetu hadi mpakani. Mimi najua kitu kimoja, mlima wa Reinskaret. Nimeupanda kila msimu wa baridi kwa miaka ishirini na miwili nikiwa na shehena ya samaki nyuma yangu, na kabla ya Novemba ile sikuwahi kukwama hata mara moja.

Nalisema hili mapema kwa makusudi. Siku hizi nikiingia mgahawani pale Skarvnes watu wanainamia vikombe vyao, na wale wenye roho nzuri wananiuliza habari za goti langu.

Kampuni aliianzisha baba. Malori matatu, jina letu ubavuni kwa herufi nyeupe, na kazi moja: kuchukua samaki kiwandani ufukweni na kuwavusha mlima hadi upande wa pili, ambako malori ya masafa marefu yanawasubiri. Baba alipofariki, kitandani kwake, kwa kiharusi, nusu ya kampuni ilibaki kwa mama, na nusu nyingine tukagawana mimi na Leidulf. Mimi nikabaki kwenye usukani, yeye akabaki ofisini, mama akabaki jikoni na dirisha lake linalotazama barabara ya mlimani. Mama anaitwa Borghild. Kijiji kizima kinamwogopa kidogo, nami pia.

Kiangazi kile kampuni kubwa ya kusini ikatuletea barua. Ilitaka kununua kila kitu, malori, mkataba wa kiwanda na hata banda. Leidulf aliisoma kwa sauti mezani kwa mama, huku akijikatia jibini la kahawia taratibu, utadhani mambo yamekwisha.

"Mimi siuzi," nikasema.

"Dada, una miaka arobaini na saba. Goti moja limekwisha. Utapanda mlima ule mpaka lini?"

"Mpaka la pili liishe."

Mama alikuwa jikoni, ametupa mgongo. Akageuka na mwiko mkononi.

"Nisikilizeni nyote wawili," akasema. "Siuzi jina la baba yenu likiwa safi. Siku lori letu litakapofunga barabara ya Reinskaret, watu wakae kwenye magari yao wanatetemeka kwa ajili yetu, siku hiyo tunauza, na wewe Ragnfrid utasaini bila kelele. Kabla ya hapo sitaki kuisikia tena barua hiyo."

Nilikubali palepale, tena kwa kicheko. Kwetu wanaofunga mlima ni wageni, wale wanaokuja Novemba na matairi ya kiangazi na viatu vya wazi miguuni. Mtu wa Skarvnes akifunga mlima, wajukuu wake watasimuliwa. Kwa hiyo kazi yangu na kampuni ya baba vikawa vinategemea jambo moja tu, nisikwame. Niliona ni dau jepesi.

Lori langu la zamani lilikuwa limechoka na ilibidi tununue kichwa kipya kabla ya theluji. Hapo tukagombana wiki nzima. Mimi nilitaka kichwa chenye ekseli mbili za nyuma, yaani mihimili miwili ya magurudumu, zote zinavuta. Leidulf alitaka inayovuta iwe moja, ya pili iwe ya kubeba uzito tu.

"Ekseli mbili za kuvuta ni za watu wa magogo," akasema. "Sisi tunabeba samaki. Wewe unaingia msituni kufanya nini?"

"Theluji haiulizi nimebeba nini."

"Sikiliza basi. Ukifika kilimani unabonyeza kitufe. Ile ya kubeba inanyanyuka juu, haigusi chini, na uzito wote unakalia ile inayovuta. Unapanda. Ukifika juu unaishusha. Nusu ya nchi hii inapanda hivyo."

"Inapanda hivyo ikiwa na matairi ya maana."

"Basi chagua matairi ya maana, nani amekukataza?"

"Wewe. Kila mwaka unaniletea yale magumu kwa sababu yanadumu."

Akacheka. Leidulf ana kicheko cha baba, na akicheka mimi hulegea, hilo ni tatizo langu la tangu utotoni. Akanyoosha mkono juu ya makaratasi yake.

"Haya. Mimi nachagua ekseli, wewe unachagua matairi. Kwenye matairi siingizi hata kidole."

"Hata ukucha?"

"Hata ukucha, dada."

Tukapeana mikono. Nilijua ninachompa. Nilikuwa nimemwachia nusu ya nguvu ya kupanda mlima, na ile nusu iliyobaki ilikuwa yote kwenye mpira.

Sasa niseme jinsi tunavyochagua tairi kwetu, maana mambo yote yako hapo. Tairi la baridi hulitambui kwa sura. Yote ni meusi, yote yana mifereji mirefu, yote yana ile alama ya mlima na theluji inayodaiwa na sheria. Tofauti iko kwenye mpira wenyewe. Kuna mpira ambao baridi ikiukamata unakauka na kuwa mgumu, huo unadumu miaka na watu wa kusini wanaupenda. Kuna mwingine unabaki laini hata kwenye nyuzi ishirini chini ya sifuri. Huo unalika haraka, lakini unashika. Baba alinifundisha kumwambia muuzaji ayaache matairi nje usiku wa baridi kali, halafu asubuhi niende nikabonyeze kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha ukizama na alama ikabaki, nunua. Ukucha ukiteleza, nenda nyumbani.

Muuza matairi wetu ni mzee Hilmar, mtu wa maneno machache na kofia moja. Mwishoni mwa Oktoba nilimfanya ayatoe nje matairi ya aina nne, na saa mbili asubuhi nilikuwa uani kwake nimechutama, glovu moja imevuliwa.

"Ragnfrid," akasema, "unanunua tairi au unachagua jibini?"

"Jibini ningeonja."

"Usionje. Nitalazimika kukuuzia."

Nilibonyeza yote. Nikachagua manne kwa ekseli inayovuta, mawili kila upande, laini kuliko yote aliyokuwa nayo, na mengine ya mbele na ya kubeba uzito. Hilmar akayafunga mwenyewe, akakaza boliti, akanipa mkono. Wiki iliyofuata theluji ikaanguka kweli. Nikapanda Reinskaret mara tisa, kitufe kikinyanyua ile ekseli ya Leidulf na matairi yangu yakitafuna barafu. Nakiri lilikuwa lori zuri. Nilimwambia hivyo ofisini, mbele ya watu, na yeye akanipigia saluti na kalamu yake.

Katikati ya Novemba jino likaniuma mpaka jicho likafumba. Nikaenda kwa daktari wa meno Tromsø, nikang'olewa, nikapewa mapumziko ya siku nne. Leidulf akanipigia simu.

"Pumzika, dada. Nitalipeleka lori mjini likaguliwe breki. Jumatatu utalikuta tayari."

"Breki ni nzima."

"Lori jipya linataka ukaguzi wa kwanza. Wewe lala, kula uji."

Nilikata simu nikiwa na furaha. Nilijiambia, tazama, kumbe anajali. Bado naona aibu nikikumbuka nilivyofurahi.

Jumatatu asubuhi lori lilikuwa limeegeshwa kiwandani, limepakiwa, injini ina joto. Ndani nilikuta chupa ya kahawa moto na kipande cha keki kwenye karatasi. Leidulf hajawahi kuniwekea kahawa kwenye lori maisha yake yote. Nikalizunguka kama kawaida, nikipiga kila tairi kwa nyundo kusikia upepo. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamevaa theluji kama mikate iliyonyunyiziwa unga. Yalilia vizuri, upepo ulikuwapo. Ukucha sikuutumia. Ukucha ni wa tairi la muuzaji, ulilokwisha nunua hulibonyezi. Na kubonyeza tairi ambalo ndugu yako amekutunzia ni sawa na kunusa chakula alichokupakulia. Kwetu mtu akikuona unafanya hivyo atajua nyumbani kwenu kuna ugomvi.

Kwenye lango la kiwanda kitako cha lori kiliniteleza kidogo. Nikasema ni barafu, wafanyakazi wamemwaga maji ya samaki tena. Nikawatukana kimoyomoyo, nikaendelea.

Chini ya mlima kizuizi kilikuwa kimeshushwa. Upepo juu ulikuwa mbaya, na siku za namna hiyo hakuna anayepita peke yake. Magari yanakusanyika, yanahesabiwa, halafu yanafuatana nyuma ya gari la kusukuma theluji hadi ng'ambo. Dereva wa gari hilo ni Jon-Ante, na yeye ndiye anayepanga nani atangulie. Alikuja dirishani kwangu, ndevu zimeganda.

"Shavu limefanya nini hilo?"

"Jino. Lilikuwa linaongea sana, nikalitoa."

"Wengi wanastahili kufanyiwa hivyo." Akatazama msururu. "Wewe kaa nyuma yangu. Magari madogo nitayaweka nyuma yako, uyakingie upepo. Nikimweka yule Mholanzi mbele tutalala huko."

"Kilima cha chini kikoje?"

"Kina mchanga, chote. Asubuhi basi la wanafunzi lilipita kwenda kuogelea, watu wa barabara wakatumwagia mchanga kwa ajili yake mpaka ukaisha. Cha juu hakina kitu."

"Sihitaji mchanga."

"Najua huhitaji," akasema, na akaenda.

Nyuma yangu likawekwa gari dogo jekundu la mwalimu Torunn. Pembeni yake alikaa mama yake, Aud, amejifunga blanketi. Aud ni rafiki wa mama yangu tangu shule ya msingi, na kila Jumatano huwa wanafuma soksi pamoja jikoni kwa mama. Alinipungia mkono kwenye kioo. Nikampigia honi fupi.

Kilima cha chini nilikipanda bila shida, mchanga unakoroma chini ya magurudumu. Uwandani upepo ulikuwa mkali lakini njia ilikuwa wazi. Kabla ya kilima cha juu kuna eneo la kusimama, ambapo mwenye mashaka hufunga minyororo. Minyororo hufungwa chini ya kilima, ukishaanza kupanda umechelewa. Yangu ilikuwa imening'inia pembeni ya lori, mizima. Niliitazama nikaona ya nini niwacheleweshe watu kumi na moja na upepo huu, na matairi yangu nayajua. Nikabonyeza kitufe, ekseli ikanyanyuka, nikapanda.

Theluthi ya kwanza sawa. Kwenye kona, pale ambapo ukingo wa kulia hauna kitu zaidi ya fito za alama na bonde chini yake, nikasikia injini inapanda sauti na lori halipandi. Magurudumu yalikuwa yanazunguka mahali pamoja. Nikafunga difu ili magurudumu yote yavute pamoja, nikapunguza mafuta, nikafanya yote ambayo mtu hufanya. Lori likasimama. Halafu, na breki zote zimeshika, likaanza kurudi nyuma.

Nitalisema hili bila kulipamba. Tani arobaini na tano zilikuwa zinateremka kinyumenyume kuelekea gari jekundu, nami sikuwa na la kufanya isipokuwa usukani. Nililizungusha ili trela liende kwenye ukuta wa theluji upande wa mlima, lisiende upande wa fito. Kwenye kioo niliona Torunn anajaribu kurudi nyuma, na nyuma yake kuna mwingine, hana pa kwenda. Trela likagonga ukuta, likajikunja, likasimama. Kati ya nyuma ya trela langu na pua ya gari lake palibaki nafasi ya meza ya jikoni.

Nilishuka. Torunn alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili analia bila sauti. Aud alikuwa amefumba macho, midomo inasali. Niligonga kioo, nikauliza kama wameumia, Torunn akatikisa kichwa, na hakunitazama.

Jon-Ante alirudi kwa miguu na tochi. Alipita kando yangu, akapiga magoti kwenye magurudumu ya nyuma, akakwangua theluji. Akavua glovu, akabonyeza.

"Ragnfrid. Umeweka nini hapa?"

"Laini. Ya Hilmar."

"Njoo."

Nikachutama karibu naye, nikabonyeza kwa dole gumba. Ukucha uliteleza. Nikabonyeza tena mahali pengine, kwa nguvu, mpaka ukucha ukapasuka. Mpira ulikuwa mgumu kama sahani. Manne yote ya ekseli inayovuta yalikuwa mapya, mifereji mirefu, alama ya sheria ipo, na hakuna hata moja nililolichagua mimi. Yale ya mbele yalikuwa yangu, yale ya kubeba uzito yalikuwa yangu. Aliyeyabadilisha alijua hasa ni yapi yanapanda mlima.

"Nani alikushauri haya?" Jon-Ante akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Lakini redio yake ilikuwa wazi, na kila mtu kwenye msururu alikuwa anasikiliza.

Sikuweza kutaja jina. "Sijui," nikasema, na hilo ndilo jibu walilolisikia wote, dereva wa miaka ishirini na miwili hajui amefungiwa matairi gani.

Mlima ulifungwa kwa muda wa saa moja na dakika arobaini. Tulifunga minyororo watu watatu, tukachimba, tukanyoosha trela, tukapanda. Nilifikisha samaki. Nikarudi kwa minyororo, polepole, na njia nzima nilimtafutia Leidulf udhuru. Labda gereji walikosea. Labda matairi yangu yalitobolewa yote manne kwa pamoja. Nilikuwa natamani kudanganywa, ningeshukuru.

Saa kumi alasiri niliingia bandani kwetu. Matairi yangu yalikuwa nyuma ya makopo ya rangi, chini ya turubai, manne, yamepangwa vizuri. Sikuhitaji kuyabonyeza lakini niliyabonyeza. Leidulf akaingia kutoka ofisini, akaniona nimeshika kona ya turubai.

"Dada," akasema.

"Ulisema hata ukucha."

"Nilikuwa nataka kukwambia."

"Lini? Kwenye mazishi?"

"Usiseme hivyo." Alikuwa mweupe usoni. "Nilijua utakwama cha chini. Nilipiga hesabu, Ragnfrid, ninakuapia. Na matairi hayo, na mzigo ule, usingemaliza hata mita hamsini za kilima cha chini. Hakuna bonde pale. Ungekwama, wangekuvuta, basi. Mama angesema tuuze. Goti lako lingepona. Mimi nilijuaje kwamba wamemwaga mchanga?"

"Ungejua kama ungewahi kupanda."

Akakaa kwenye tairi mojawapo, mojawapo ya matairi yangu, akajishika kichwa. Nilimtazama kisogo. Nilimfundisha kutembea kwa ski, zile mbao za kutelezea thelujini, nikiwa nimemshika kofia. Nilikuwa nataka kumpiga, na nilikuwa nataka aseme kitu chochote kitakachonifanya nisimchukie, vyote kwa pamoja.

"Usimwambie mama," akasema. "Nakuomba. Nifanye unavyotaka, lakini mama usimwambie, atavunjika."

"Mama ndiye wa kwanza nitakayemwambia. Atachana barua ile vipande vipande."

"Ragnfrid, usiende."

Nikaenda. Nyumba ya mama iko hatua mia moja kutoka bandani. Nilizitembea haraka, na nitakuwa mwongo nikisema sikuwa na furaha fulani ndani yangu, furaha ya mtu anayekwenda kushitaki akiwa na ushahidi. Mama alishikilia kwamba jina likichafuka tutauza. Sasa angejua aliyelichafua.

Alikuwa mezani karibu na dirisha. Alikwisha sikia habari, kijiji kizima kilikwisha sikia. Vikombe viwili vilikuwa vimewekwa. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, mikono, miguu, kichwa, kama alivyokuwa akifanya nilipotoka shule nimeanguka.

"Hujaumia," akasema.

"Sijaumia. Mama, nina jambo la kukwambia kuhusu Leidulf."

"Wanasema ilikuwa kilima cha juu."

"Cha juu, kwenye kona."

Akatikisa kichwa polepole, akashika ukingo wa meza. "Leidulf aliniambia cha chini," akasema. "Aliniahidi itakuwa cha chini."

Nilibaki nimesimama. Nadhani alijua alichokisema sekunde moja baada ya mimi kukielewa, kwa sababu alitazama dirishani.

"Ulijua," nikasema.

"Kaa, mwanangu."

"Ulijua matairi yamebadilishwa, ukaniacha nipande."

"Miaka thelathini na mmoja nilikaa kwenye kiti hiki nikingoja taa za baba yako zishuke mlimani. Kisha miaka mingine nikingoja zako na zake pamoja. Alipokufa nikafikiri sasa nimepumzika, kumbe bado zako. Sikuwa na nguvu tena, Ragnfrid. Nilitaka ushuke."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Basi," mama akasema, kana kwamba hilo limemaliza kesi.

Karatasi zilikuwa mezani, chini ya sahani ya mkate. Nilizivuta. Ulikuwa mkataba wa kuuza, na chini yake palikuwa na mistari mitatu ya sahihi. Wa Leidulf ulikuwa umejazwa. Wa mama ulikuwa umejazwa, kwa mwandiko wake ule wa shule. Tarehe ilikuwa ya Ijumaa. Ijumaa mimi nilikuwa Tromsø na pamba mdomoni, na lori halijafunga mlima wowote.

Nilisoma tarehe ile mara mbili. Halafu nikaelewa kilichobaki. Walikwisha kukubaliana. Kukwama kwangu hakukuwa kwa ajili ya mama kuamua, mama alikwisha amua. Kulikuwa kwa ajili yangu. Walitaka nirudi nyumbani nimeinamisha kichwa, niamini kwamba mikono yangu imeshindwa, nisaini mstari wa tatu bila kelele. Wangeniacha niamini hivyo mpaka kufa.

"Gari lililokuwa nyuma yangu lilikuwa la Torunn," nikasema. "Aud alikuwa ndani."

Mama aligeuka haraka. Hilo hakuwa ameambiwa. Mkono wake ulikwenda mdomoni ukabaki hapo.

"Nafasi ilibaki kama meza hii," nikasema. "Hii hapa."

Kwa mara ya kwanza nilimwona mama yangu amezeeka, na nilimwonea huruma, na huruma hiyo haikupunguza chochote. Nikachukua kalamu nikasaini. Aliniuliza kwa nini, kwa sauti ndogo, kama aliyetegemea vita. Nikamwambia mlima bado naupenda, isipokuwa sina tena mtu wa kunifungia matairi.

Hayo ni ya mwaka juzi. Hilmar alinifuata siku moja nje ya duka, akasema, "Mimi nilikufungia laini." Nikasema najua. Akasubiri kidogo, kisha akavuta kofia yake akaenda zake, kwa sababu kwetu mtu haingii katika mambo ya nyumba ya mwenzake. Sikumweleza yeyote. Ningeanza na Leidulf, ningelazimika kumalizia na mama, na mama anaishi hapa.

Jumatano huwa nampelekea mama kuni, na Aud huwa yupo, wanafuma. Aud huweka sindano zake chini, hunishika mkono kwa mikono yake miwili, na huniambia tena kwamba nisijitese, kila mtu hukosea, yeye na Torunn wamenisamehe zamani. Mama anakuwa pembeni yake, anahesabu vitanzi kwa sauti ya chini. Namwambia Aud asante.